Namna ya Kuchagua Vitabu vya Kwanza vya Maktaba ya Mtaa Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kabati, fedha kidogo na jukumu la kuchagua vitabu vitakavyosomwa na watu wa kila aina katika mtaa mmoja wa komine (yaani manispaa) za Lubumbashi kama Katuba, Kenya, Ruashi au Kamalondo: mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, mama anayeuza makaa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, dereva wa teksi, binti aliyekatiza masomo kwa kukosa karo. Kabati lenyewe laweza kuwa la parokia, la shule, la chama cha vijana au la familia moja yenye moyo wa kushirikiana na majirani. Makabati mengi ya namna hiyo hayashindwi kwa uchache wa vitabu. Yanashindwa kwa sababu yalijazwa zawadi zilizofika bila kuombwa, kama vile miongozo ya kompyuta iliyopitwa na wakati, vitabu vya kodi za nchi nyingine na juzuu la tatu la riwaya ambayo juzuu lake la kwanza halijulikani liliko, na mtu anayefungua mlango wa kabati kwa mara ya kwanza akakutana na mchanganyiko huo hana sababu ya kurudi.

Njia ninayoipendekeza ni kuchagua vitabu kwa jozi. Kila riwaya unayoinunua itafutie kitabu cha maarifa kinachogusa jambo lilelile, kisha uviweke vyote viwili bega kwa bega katika rafu moja, badala ya kutenga riwaya upande huu na vitabu vya maarifa upande ule. Kila mtaa una watu wanaosema kwamba hadithi ni mambo ya watoto, nao husoma historia, sheria au afya tu. Una pia watu wanaomaliza riwaya kwa usiku mmoja lakini hawajawahi kugusa kitabu cha historia tangu watoke shuleni. Jozi huwavusha wote. Aliyesoma habari za mgomo katika riwaya hutaka kujua kama mambo hayo yalitokea kweli, na aliyesoma sheria ya urithi hutaka kumwona mjane mwenye jina na watoto. Jozi 12, yaani vitabu 24, zinatosha kabisa kuanzia.

Waulize watu kabla ya kwenda dukani

Ukimwuliza mtu anapenda vitabu gani, naye hajapata nafasi ya kuchagua kitabu maishani mwake, atakupa jibu la heshima ambalo halitakusaidia. Muulize badala yake kuhusu mambo yanayozungumzwa nyumbani kwake: kesi ya kiwanja, urithi uliogombaniwa, kaka aliyekwenda kuchimba madini Kolwezi, ugonjwa wa sukari wa mama mkwe, namna babu alivyofika mjini na kampuni iliyomleta. Andika majibu katika daftari, kwa maana hayo ndiyo yatakayokuwa orodha yako ya mada, na orodha ya mada hutangulia orodha ya vitabu.

Kisha chunguza lugha. Watu wengi hapa kwetu huzungumza Kiswahili kutwa nzima lakini walifundishwa kusoma vitabu vinene kwa Kifaransa, na Kiswahili walichozoea kukiona katika maandishi ni kile cha Biblia na cha nyimbo za kanisani. Kiswahili cha riwaya za Zanzibar na Tanzania bara kina msamiati na upatanisho wa sarufi ambao huwasumbua mwanzoni hata wasomaji wazuri. Usikisie nani ataweza nini. Chukua kitabu, kifungue katikati, wala si kwenye ukurasa wa kwanza ambao waandishi huupamba, umwombe mtu asome kwa sauti mbele ya wenzake wawili watatu. Akisimama katika kila mstari, kitabu hicho hakimfai kwa sasa. Wasikilizaji wakimdai ageuze ukurasa, nunua. Vitabu vya kufanyia jaribio hili si lazima viwe vyako, kwa kuwa baadhi unaweza kuviazima kupitia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi au kuvitazama katika maktaba ya Institut français kabla ya kutoa fedha yoyote.

Anza na mji wenyewe

Jozi ya kwanza katika kabati la Lubumbashi inapaswa, kwa maoni yangu, kuzungumzia Lubumbashi, na bahati njema tunalo andiko ambalo miji mingi ya Afrika haina mfano wake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi katika nyumba za Wazungu. Andiko hilo, lililopigwa kwa mashine na kuitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville (jina la Lubumbashi enzi za ukoloni), linaeleza mji ulivyoanzishwa, kazi zilivyofanywa, mabwana walivyoishi na wafanyakazi walivyotendewa, yote kwa jicho la wale waliopika, waliofua na waliosimama mlangoni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na baadaye maneno yake ya Kiswahili yakawekwa katika intaneti yasomwe bure. Inaniuma kwamba linajulikana zaidi katika vyuo vikuu vya ng'ambo kuliko katika mitaa lilikozaliwa.

Chapa nakala moja, ipeleke kwa fundi wa kufunga vitabu, na uitie jalada gumu, kwa sababu itapita katika mikono mingi. Umwambie pia kila anayeiazima kwamba asiisome kimya. Yav aliandika maneno jinsi yanavyosikika, bila kujali vituo wala mipaka ya maneno kama tulivyoizoea, hivyo macho hukwama mahali ambapo sikio linapita bila taabu. Mwachie mzee asome sentensi kwa sauti, mjukuu wake asikilize, na maana itatoka yenyewe.

Mwenzi wa andiko hilo ni riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, Une vie de boy, iliyotoka mwaka 1956 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Boi. Humo kijana Toundi anaandika katika daftari lake yale anayoyaona katika nyumba ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, na jinsi kuona kwake kulivyogeuka kuwa hatari. Msomaji akivisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana, kimoja cha kubuni kutoka Kamerun na kingine cha kumbukumbu kutoka Katanga, jimbo letu, ataona kwamba wote waliofanya kazi jikoni waliwajua mabwana zao kuliko mabwana walivyojijua. Ikiwa fedha zako zinatosha jozi moja tu, nunua hii.

Jozi ya pili inahusu mgodi na familia. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, alitoa riwaya yake Tram 83 mwaka 2014. Mji wake hautajwi kwa jina la kweli, lakini kituo cha gari moshi, wachimbaji, wanafunzi wanaogoma na baa isiyolala ni vitu ambavyo msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa. Sentensi zake hukimbia kama muziki wa jazi, na kuna mandhari za usiku ambazo si za watoto. Andika wazi ndani ya jalada kwamba kitabu ni cha watu wazima, na ukiweke rafu ya juu. Kando yake weka utafiti wa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, unaoitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, wa mwaka 2001, ambao unafuatilia mamlaka ya baba katika familia za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, na Gécamines iliyoirithi, kuanzia 1910 hadi 1997. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Ilipodhoofika, baba alipoteza zaidi ya mshahara. Wazee waliokubali kuacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004, ambao uliwagusa wafanyakazi zaidi ya 10,000, watajiona katika kurasa hizo, na watoto wao watapata pa kuanzia kuwauliza maswali.

Ya tatu ni riwaya ya Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, iitwayo Généalogie d'une banalité, ya mwaka 2015, ambamo wakazi wa mtaa wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe. Mwenzi wake si kitabu cha kupendeza kwa sura, bali ni sheria ya madini ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake ya Machi 2018. Usiogope kuweka sheria katika maktaba ya mtaa. Sheria hiyo inasema mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayoyachimba, ugawanywe asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la mamlaka ya chini ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inazidai kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Mtu anayeishi kando ya mgodi ana haki ya kuyasoma hayo kwa macho yake, na ukiweka alama ya karatasi katika kurasa husika utamwokolea muda mrefu wa kupekua.

Vitabu vya Kiswahili kutoka pwani

Wapo watakaokushauri uviache kwa sababu Kiswahili chake si chetu. Mimi nashauri kinyume, ila kwa mpangilio. Aanzaye apewe kwanza hadithi ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ya mwaka 1960, ambayo haina haja ya mwenzi wa maarifa: kazi yake ni kumfanya mtu amalize kitabu kizima cha Kiswahili na kutaka kingine. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inafanya kazi hiyohiyo kwa vijana.

Baada ya hapo njoo na Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, inayohusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Hakuna riwaya ya Kiswahili ambayo mfanyakazi wa Katanga ataielewa kwa urahisi kuliko hii, kwa kuwa mji wake mwenyewe una mgomo wake. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 mwezi huo askari wakawafyatulia risasi waliokusanyika katika uwanja wa michezo wa Elisabethville. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kitabu cha John Higginson cha mwaka 1989, A Working Class in the Making, kinachunguza tabaka hilo la wafanyakazi kwa kina, lakini kiko katika Kiingereza. Ukiwa na mwanafunzi wa historia anayeimudu lugha hiyo, kama wapo wengi waliosoma Zambia, mwombe atayarishe muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili au Kifaransa, autie sahihi, na uufunge kama kijitabu cha kuwekwa kando ya Kuli. Mwenzi wa jozi si lazima awe amenunuliwa dukani.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, huwatisha watu kwa sifa zake kabla hawajaifungua. Waeleze tu kisa chake: Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali na kurudi na maarifa, wakaishia kifungoni. Weka kando yake Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Vijana wanaokutana Jumapili jioni wanaweza kusoma utetezi wa siku moja wa Karama, kisha vifungu kadhaa vya Katiba kuhusu haki za mtu anayekamatwa, na mazungumzo yatakayofuata hayatahitaji mwenyekiti wa kuyachochea.

Ipo jozi nyingine ambayo naithamini kwa namna ya pekee. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya Paradise mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mvulana Yusuf anatolewa na baba yake kulipia deni, na baadaye anasafiri na msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara. Sasa, mmoja wa wakuu wa misafara ya kweli aliacha maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili: Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyetawala biashara ya pembe na watumwa hadi Maniema, akafanywa liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, mwaka 1887 na kufariki Zanzibar mwaka 1905. Misafara ya aina hiyo ni miongoni mwa njia zilizokifikisha Kiswahili katika Kongo. Lakini kitabu chake kisiachwe peke yake rafuni, maana mwenyewe anajisimulia kama mfanyabiashara hodari na waliofungwa minyororo hawapewi sauti. Yusuf, ambaye ni mtu wa kubuni, anasema yale ambayo mashahidi wengi wa kweli hawakupata nafasi ya kuyaandika.

Historia ya nchi, na namna ya kuikagua

Vitabu vya historia ya Kongo ni vingi na vingine ni ghali, kwa hiyo jifunze kukikagua kitabu ukiwa umesimama dukani. Fungua faharasa ya majina mwishoni. Tafuta Bunkeya, tafuta M'siri, mfalme aliyekuwa na makao yake hapo na kuuawa hapo tarehe 20 Desemba 1891, tafuta Elisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kitabu kinachodai kueleza nchi nzima huku Katanga ikitajwa kwa sababu ya shaba na kujitenga tu hakijamaliza kazi yake. Tazama pia kama mwandishi anataja alikopata habari zake na kama miongoni mwa aliowahoji wamo Wakongo.

Kwa kipimo hicho, kitabu cha David Van Reybrouck, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 2010 na kwa Kifaransa mwaka 2012 kwa jina la Congo, une histoire, kinafaa kuwa nguzo ya rafu hii: ni kinene, karibu kurasa 700, lakini kinasimulia, na mwandishi aliwasikiliza Wakongo wengi wa kawaida. Histoire générale du Congo ya Isidore Ndaywel è Nziem, ya mwaka 1998, ni ya kurejelea zaidi kuliko ya kusoma mfululizo, nayo isiazimwe nje. Kitabu cha Adam Hochschild kuhusu Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, cha mwaka huohuo wa 1998, kinasomeka kwa wepesi ila kinashughulika zaidi na enzi za uvunaji wa mpira na za mfalme huyo, kinunue baadaye. Mwenzi wa Van Reybrouck awe riwaya ya Blaise Ndala, Dans le ventre du Congo, ya mwaka 2021, inayorudi kwenye maonyesho ya kimataifa ya Brussels ya mwaka 1958, ambako Wakongo waliwekwa katika kijiji cha kutazamwa na wageni.

Kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, chagua kwa uangalifu. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, karibu na mji huu huu, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, na zipo familia ambazo mpaka leo haziwezi kuzungumzia miaka hiyo mezani bila mtu kuinuka. Nunua utafiti wa Ludo De Witte, uliotoka kwa Kifaransa mwaka 2000, uuweke na tamthilia ya Aimé Césaire, Une saison au Congo, ya mwaka 1966, kisha uongeze kitabu chochote chenye ushahidi mzuri kinachoeleza kwa nini watu wengi wa hapa waliunga mkono kujitenga. Maktaba ya mtaa haipaswi kumchagulia jirani upande.

Habari za mashariki mwa nchi na za majirani wa huko zinahitaji jozi moja angalau. Petit pays ya Gaël Faye, ya mwaka 2016, ni Bujumbura, Burundi, kwa macho ya mtoto wa miaka kumi wakati vita vinapokaribia. La force des femmes ya Daktari Denis Mukwege, ya mwaka 2021, ni kazi ya hospitali ya Panzi huko Bukavu. Kabla ya kumwazimisha mtu aliyekimbia Kivu na kuja kuishi hapa, mwambie kwa upole kilichomo, uamuzi awe nao yeye.

Nyumba, urithi, afya

Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegal, ya mwaka 1979, ambayo kwa Kiswahili ni Barua Ndefu Kama Hii, ni fupi, nakala zake za Kifaransa hupatikana kwa bei nafuu, na hakuna mwanamke niliyemwona akiirudisha bila neno la kusema juu yake. Mjane Ramatoulaye anamwandikia rafiki yake Aïssatou wakati wa kukaa eda, akieleza ndoa, mke wa pili na mambo yaliyofunuliwa baada ya mume kufa. Mwenzi wake ni sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016. Hakikisha nakala unayonunua ina marekebisho hayo, kwa maana mitaani bado zinauzwa za zamani. Wekea alama sehemu ya urithi: watoto wa marehemu, ambao ndio kundi la kwanza la warithi, hupata robo tatu ya mali, na kundi la pili, ambamo mwenzi wa ndoa aliyebaki, wazazi na ndugu wamo, hugawana kinachobaki. Wajomba na mashemeji wanaokuja kuchukua magodoro siku ya msiba hutegemea kwamba nyumba haina kitabu hicho.

Kwa afya nunua Mahali Pasipo na Daktari, ambacho kipo pia kwa Kifaransa, na ukiweke na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Riwaya hii ya msichana aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akapotea alipopata uhuru asiofundishwa kuutumia, iliwahi kuzuiwa mashuleni Tanzania. Wazazi waisome kabla ya binti zao, kisha wawaachie.

Kuna vitabu ambavyo heshima itakusukuma uvinunue mapema mno. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, ni fahari yetu, na riwaya yake Entre les eaux, ya mwaka 1973, kuhusu padri anayejiunga na wapiganaji wa msituni, inasomeka vizuri katika parokia yoyote. Lakini The Invention of Africa, ya mwaka 1988, ni mazungumzo na vitabu vingine vingi ambavyo kabati lako halina. Isubiri mwaka wa tatu.

Kununua na kutunza

Vitabu vya Kiswahili vingi huchapwa Dar es Salaam na Nairobi, na njia rahisi ya kuvipata ni wafanyabiashara wanaofuata mizigo Dar na kurudi kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Mpe mfanyabiashara karatasi yenye jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji kwa herufi kubwa, fedha kamili, na ombi la risiti. Vya Kifaransa vitafute kwanza katika matoleo ya mfukoni, kisha kwa wauzaji wa mitumba katikati ya mji. Ukiwa hapo hesabu kurasa za mwanzo na za mwisho, kwa sababu ndizo hung'oka kwanza, na fungua kitabu katikati ukiubonyeza mgongo taratibu: gundi ikilia, kurasa zitaanza kudondoka kabla ya msomaji wa tano. Kitabu hicho bado waweza kukinunua kikiwa adimu, ila kabla ya kukiazimisha kipake gundi nyeupe mgongoni, kibandike kitambaa chembamba cha pamba, na kikae chini ya tofali usiku mzima.

Kabati lisiguse ukuta wala sakafu. Liinue juu ya matofali, acha upenyo wa kiganja nyuma yake, na kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha, lifungue kila siku lisilo na mvua hewa ipite. Mchwa huanzia chini na nyuma, hivyo huko ndiko kwa kutazama kila wiki. Funika kila jalada kwa plastiki ngavu kama wanavyofunika watoto wa shule.

Katika daftari la kuazima usiandike tu jina, kitabu na tarehe. Ongeza safu ya kuonyesha kama aliyechukua kitabu alichukua baadaye mwenzi wake. Kila baada ya miezi sita pitia safu hiyo. Jozi ambayo vitabu vyote viwili vinatembea, iongezee nakala ya pili ya kile kinachosubiriwa zaidi. Jozi ambayo kimoja kinatembea na kingine kimelala, mwulize msomaji mmoja au wawili alikokwama, na kama jibu ni lugha, panga jioni moja ya kukisoma kwa sauti. Kama jibu ni kwamba havihusiani, kitafutie kile kinachotembea mwenzi mwingine kutoka katika orodha ya mada uliyoiandika mwanzoni. Jozi ambayo vitabu vyote vimelala mwaka mzima ibadilishane na maktaba ya komine nyingine, kwa maandishi na kwa muda maalumu, kwa kuwa kitabu kilichowachosha watu wa Kamalondo huenda kikagombaniwa Ruashi.